Dirisha la Ghorofa ya Tisa

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nilifika Nairobi na suruali moja, nikalala Mukuru kwa Njenga kwenye kibanda ambacho mvua ikinyesha unaamka umejitwika godoro, na kila asubuhi nikatembea kwa miguu hadi viwandani kungoja mtu anyooshe kidole aseme, wewe na wewe, ingieni. Nimeona mtu akiuziwa kiwanja ambacho ni barabara. Nimeona bwana harusi akikimbia kanisani kupitia mlango wa mapadri. Mimi mwenyewe nimewahi kuuza geti moja kwa watu wawili, na wote wakaondoka wameridhika. Kwa hiyo mtu angeniambia wakati ule kwamba mji huu bado una kitu cha kuniacha mdomo wazi, ningemcheka.

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, vitanda vya shule. Mtaa wa Buruburu ulipokuwa unajengwa fezi baada ya fezi, awamu kwa awamu, mimi ndiye niliyekuwa napita na pikapu, futi ya kupimia mkononi. Kisomo changu kiliishia darasa la nne, lakini walimu wanalala nyuma ya vyuma vyangu na hakuna mwizi aliyewahi kuvikata. Baadaye nikanunua nyumba huko huko, katikati ya makarani wa serikali wenye tai. Nilinunua. Sikupanga.

Nyumba hiyo ndiyo niliyotaka baba yangu aione.

Yeye alikuwa na lake. Alikuwa mzee wa mashamba, kwetu magharibi, na jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa siku nyingi. La kulia nalo lilianza kufuata. Hospitali ya misheni walimpa dawa ya matone na kumwambia asikae mbali nao. Badala yake akapanda treni kuja kwangu. Tulipokutana stesheni, amevaa koti zito na kofia, kuku wa zawadi kwa mke wangu yuko kwenye kikapu, hata salamu hazijaisha akaniambia:

"Nimekuja kumwona yule mtoto. Hili jicho nalo linataka kwenda."

Mtoto huyo ni binti yangu, wakati huo hajaanza shule. Tulimpa jina la mama yake baba yangu, kama ilivyo kwetu, kwamba mtu akishakwenda jina lake halilazwi chini. Bibi huyo alikufa mimi sijazaliwa. Hakupigwa picha hata moja. Ndugu zake baba wote walikuwa wametangulia, kwa hiyo duniani kote alibaki mtu mmoja aliyeijua sura ya yule mama, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele yangu na jicho moja. Wageni waliotoka kwangu walikuwa wamemwambia kwamba mtoto ana uso wa ajabu, haufanani na wa mke wangu wala wangu. Akakaa kijijini akiliwaza hilo mpaka akaona afadhali aje ahakikishe. Alitaka kujua kama mama yake amerudi.

Nikamwambia atamwona. Jumamosi, nyumbani kwangu, kwa heshima zote. Kwanza auone mji. Na Jumatatu nitampeleka kwa daktari mkubwa wa macho, si wale wa misheni.

Kwa nini Jumamosi na yeye alifika Alhamisi? Kwa sababu ya makochi. Niliagiza seti nzima kwa seremala mmoja wa Jogoo Road, ya kitambaa chekundu, na sebule yangu ilikuwa tupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Baba anaingia nyumba ya mwanawe mara ya kwanza, halafu umketishe kwenye stuli? Mimi?

Kulala pale hakungewezekana hata makochi yangekuwepo. Kwetu baba halali chini ya paa moja na mkaza mwana wake. Anaingia, anakula, anabariki watoto, jioni anatoka. Kijijini si shida, kuna nyumba yake hatua chache kutoka hapo. Nairobi watu wetu huhangaika, mzee anapelekwa kwa binamu Kaloleni, anabanwa chumba kimoja na wapangaji. Jirani yangu, mtu wa Murang'a mwenye duka la vipuri, alikuwa akinicheka sana kwa jambo hilo. "Wangu akija analala hapo sebuleni," alisema, "na anakoroma mpaka fezi ile nyingine wanagonga ukuta. Nyinyi mna mila za watu wenye mashamba makubwa." Nikamjibu kwamba sisi tuna mila, na mimi nina pesa, kwa hiyo baba yangu atalala hoteli.

Sasa hoteli ndipo nilipojua kujigamba. Watu huchagua hoteli kwa kuuliza bei na kunusa shuka. Mimi naangalia chuma. Tulianza Eastleigh, kwa sababu ndiko nilikojua lojing'i tangu ujana, na sehemu tatu nilizipita bila hata kushuka kwenye gari: madirisha yamechomelewa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kulewa. Ya nne tulipanda. Chumba kilikuwa safi, lakini chini palikuwa na baa, na dada mmoja pale kwenye ngazi akamwita baba "darling". Baba akavua kofia akamsalimia vizuri, akamuuliza watu wa kwao hawajambo. Nikamshika mkono tukatoka. Yeye hakuona ubaya. Alisema chumba kile kinatosha, kina kitanda na kina ndoo, na akaniuliza kama kutoka hapo mpaka kwangu ni mbali.

"Si mbali," nilisema. "Lakini hapa si pa baba yangu."

Tukaenda katikati ya mji. Nikachagua hoteli yenye lifti, yenye vijana waliovaa vifungo vya dhahabu mlangoni. Kijana mmoja alimkataa kuku. Nikampeleka kuku karakana kwangu nikamfunga kwenye mguu wa meza ya kuchomelea, nikarudi. Karani akaniuliza nataka chumba cha upande wa nyuma au cha upande wa mjini, kwa sababu cha upande wa mjini kina nyongeza. Ni swali la kuniuliza mimi hilo? Nikataka cha mjini, cha juu kabisa walichonacho. Wakatupa ghorofa ya tisa. Dirisha lilikuwa kubwa, kioo kitupu kutoka ukuta hadi ukuta. Nilipitisha kidole kwenye fremu yake nikaridhika.

Baba akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akauliza dirisha linafunguliwa wapi. Nikamwambia halifunguki, ni la kutazama tu.

Jioni ile mke wangu aliniambia neno ambalo sijalisahau. Aliuliza kwa nini nisimpeleke mtoto hotelini, mzee amwone mara moja, makochi yatakuja yakija. Alisema hivi kwa upole, huku akipepeta mchele. Nikamwambia baba yangu hatamwona mjukuu wake hotelini kama wakala wa bima aliyepita mjini. Atampakata kwangu, kwenye kochi langu. Aliendelea na mchele.

Ijumaa nilimtembeza. Tukapanda lile jumba refu la mikutano mpaka juu kabisa, nikamwonyesha Nairobi yote, kule ndiko viwandani nilikokuwa nakwenda kwa miguu, kule ndiko Mukuru, na kule, fuata kidole changu, yale mapaa mekundu ni Buruburu. Alifuata kidole. Akakunja uso, akakinga jicho kwa kofia. "Nyumba yako ni ipi?" Nikamwonyesha. Kwa umbali ule hata mimi sikuwa naiona, lakini nilimwonyesha. Akasema, "Kumbe iko karibu hivyo." Tukashuka, tukapita bustani, tukapita mtaa wa maduka ya Wahindi, nikamnunulia shati. Alikuwa akitembea huku amenishika kiwiko, na mimi nilitembea kifua mbele, kwa sababu ni mara ngapi mtu anapita Nairobi ameshikwa kiwiko na babake?

Jioni giza lilipoingia tulisimama dirishani pamoja. Taa za mji zilikuwa zimewaka zote. Alitazama kwa muda mrefu, na mkono mmoja alikuwa ameuweka juu ya nyusi, akipasugua.

"Taa zenu ni nzuri," alisema. "Kila moja imevaa upinde wa mvua."

"Hiyo ndiyo Nairobi, mzee," nikamwambia. "Kijijini mtaona wapi?"

Alicheka. Nami nikacheka. Nikarudi nyumbani nikimweleza mke wangu jinsi mzee alivyoyafurahia mataa, na kwamba ile nyongeza ya dirisha imelipa.

Jumamosi asubuhi nilipita kwa seremala. Kitambaa kilikuwa kimegongwa, lakini vanishi ya mbao haijakauka, akaniomba mpaka Jumapili. Niligombana naye sana mbele ya watu. Halafu nikaenda kumchukua baba nikamwambia leo ni ndege, nyumbani ni kesho. Watu wa Eastlands wakati huo tulipenda kwenda uwanja wa ndege siku za mapumziko, kusimama tu kwenye baraza na kuwapungia mikono watu tusiowajua. Baba hakutaka kwenda. Alisema kichwa kinamwuma upande mmoja. Lakini alikwenda, kwa sababu nilikuwa nimeshalisema jambo, na yeye hakupenda kunivunja mbele ya watu. Ndege ya kwanza iliporuka alikuwa akitazama upande mwingine. Nikamgeuza bega. Njiani kurudi alitapika nje ya dirisha la pikapu. Nikasema ni chakula cha hoteli, wanakitia siagi sana. Nikamnunulia soda na vidonge vya kichwa, nikamfikisha chumbani, nikamfunika. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Kesho ni hakika?" Nikamwambia ni hakika kama jua.

Jumapili makochi yaliingia saa mbili. Nilimchukua kuku kutoka karakana, nikampeleka kwa mke wangu, nikavaa suti, nikaenda mjini.

Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa kitanda, amevaa lile shati jipya, vifungo vimepishana. Kofia iko magotini. Jua lilikuwa limejaa dirisha lote, limemwangukia usoni, na yeye halikingi. Jicho lilikuwa jekundu. Akasikia hatua zangu.

"Vuta hilo pazia," alisema. "Jua linanichoma, na sina kazi nalo tena."

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu usiku, lilimwuma kama mtu anayeligonga kwa ndani, halafu kulipokaribia kukucha likanyamaza, na alipolifungua hakukuwa na kitu. Kwa nini hakuita wale vijana wa mlangoni? Akasema hakujua jinsi ya kuwaita, na hakutaka kuleta aibu hotelini kwangu. Alisema hivyo, hotelini kwangu.

Daktari wa Jumatatu nilimpata Jumapili ile ile, pesa hufungua milango. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alimtia dawa, akalipima jicho, akalipima tena. Aliniuliza kama mzee alikuwa akiona duara za rangi kuzunguka taa. Nikasema ndiyo, Ijumaa. Akaandika. Akasema ni maji ya jicho yanayokosa njia, yanasukuma mpaka yanaua mshipa, na zile rangi ni jicho linapiga kelele. Labda kwa kuliwahi lingeokoka. Labda, alisema, hata hivyo lingekwenda. Mimi nimeishikilia ile labda ya pili miaka yote hii, na haijawahi kunibeba.

Tulifika Buruburu alasiri. Baba aliingia nyumba yangu kwa mara ya kwanza ameshikwa mikono miwili. Nikamketisha kwenye kochi. Alilipapasa kitambaa, akasema ni kizuri. Jirani yule wa Murang'a alikuwa amekuja kusalimia na mzaha wake mdomoni, akaona, akaurudisha, akaketi karibu na mlango.

Mke wangu akamleta mtoto, amesukwa nywele, amevaa gauni la Krismasi. Baba alimpokea magotini, akamwita "mama", kama ilivyo lazima. Mtoto akacheka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Baba aliinua uso kuelekea nilipokuwa.

"Niambie. Anafanana na nani?"

Nilimtazama yule mtoto. Ana paji pana, ana macho yaliyokaa mbalimbali, ana kidevu kidogo. Ni kweli hafanani na yeyote tunayemjua.

"Anafanana na wewe, baba."

"Sijauliza juu yangu," alisema. "Nimeuliza mama yangu."

Mke wangu aligeuka akaenda jikoni. Baba akamteremsha mtoto polepole, akasema, "Basi, mwacheni akacheze."

Aliishi miaka mingine mitano. Hakuja Nairobi tena, na kila nilipokwenda kijijini aliniuliza habari za "mama", anasema nini, anakula nini. Hakuuliza tena uso. Binti yangu sasa ni msichana mkubwa wa sekondari. Mara nyingine akiwa ameinama kwenye vitabu vyake ninamkazia macho mpaka ananiuliza, "Nini, baba?" Nitamwambia nini? Ana uso wa mtu fulani, na aliyemjua mtu huyo nilimpandisha juu ya jumba nikamwonyesha mapaa.

Jumanne baada ya Jumapili ile, baba akiwa amelala kwa binamu Kaloleni, nilikumbuka kwamba begi lake lilibaki kule hotelini, na ufunguo wa chumba nilikuwa nao mfukoni mwa suti. Nikarudi. Karani alisema kwa kuwa ufunguo haukurudi, wamehesabu usiku wote mpaka leo, pamoja na nyongeza ya upande wa mjini kwa kila usiku. Aliongea kwa woga kidogo, nadhani alinikumbuka. Mimi hubishana bei ya msumari. Nimewahi kumbishia mchimba kaburi. Siku hiyo niliweka noti kwenye kaunta, na karani akauliza kama mgeni wetu alifurahia dirisha.

Nikasema alifurahia. Nikalipa shilingi elfu moja mia sita na arobaini na tano.