Vitunguu Majani na Pipa la Mavi ya Mbuzi

Juzi nilipita gengeni karibu na kwangu, hapa Dodoma mjini, nikanunua fungu la vitunguu majani. Kwa macho vilikuwa vizuri, vibichi, vimefungwa raba katikati. Nilipovifungua jikoni nikakuta ndani vimeoza, vinateleza kama makamasi, na harufu iliyotoka pale ilikuwa ya mtaro. Nikarudi navyo mkononi. Muuzaji wala hakushtuka. "Dada, we vioshe na chumvi tu, hiyo harufu inatoka." Nikamwuliza huko vinakolimwa vinamwagiliwa maji gani. Akageukia mteja mwingine. Ndugu yangu, nilitema mate palepale mbele ya watu.

Nikiwa njiani kurudi ndipo nilipokumbuka kwamba mimi, kwa habari ya vitunguu majani, sina haki ya kumwonea mtu kinyaa.

Nililelewa kijijini Mlali, mkoa huu huu wa Dodoma, na bibi yangu, mzaa mama. Nyuma ya nyumba alikuwa na bustani ndogo, vijaruba vinne vilivyochimbwa chini kidogo ili maji yasikimbie, maana maji kwetu yalikuwa ya kupanga foleni. Maji ya kuoshea vyombo yalikwenda bustanini. Maji ya kuogea, na mapovu yake, bustanini. Na pembeni kulikuwa na pipa.

Pipa lile sitalisahau. Bibi alikuwa akiloweka humo mavi ya mbuzi mpaka yachachuke, juu kunatanda utando wa kijani na mapovu, funza wanapinduka pinduka. Kazi ya kulikoroga ilikuwa yangu. Unakoroga kwa mti huku umebana pua, unachota kopo moja, unalimimina kwenye ndoo nzima ya maji, ndipo unamwagilia. Nikilalamika bibi alikuwa akiniambia, "Ukila mboga umekula mbolea." Basi mlenda ukija mezani, majani ya vitunguu yakielea juu yake, mimi nilikuwa nawaona wale funza. Niliyatoa kwa kidole moja moja, bibi akiyaokota na kuyala.

Harufu ile ilinifuata hadi shuleni. Asubuhi moja mwalimu wa darasa la tano alisimama karibu na dawati langu, akanusa, akauliza, "Nani katuletea zizi darasani?" Darasa zima likanigeukia. Nilinawa mikono kwa majivu, nikanawa kwa mchanga, wapi. Kuanzia siku ile nililichukia pipa, nikavichukia vitunguu, na kusema kweli nikamwonea kinyaa hata bibi, kucha zake zenye weusi usiotoka.

Lakini kijijini pote bibi alikuwa mtu wa maana kwa sababu ya vitunguu hivyo. Mbegu aliirithi kwa mama yake. Mbegu ya kitunguu haivumilii, ukiiweka mwaka wa pili haioti, kwa hiyo kila mwaka aliacha kijaruba kimoja kisikatwe mpaka kitoe maua meupe ya mviringo, akaikausha mbegu na kuifunga kwenye kitambaa. Na kwetu waliamini kwamba mbegu inajua mkono. Mwenye kusia kitalu cha mboga yoyote alimwita bibi aje amwage yeye, kwa sababu bibi ana mkono. Alikuwa akinawa kwanza, anamwaga kimya kimya, na baada ya wiki moja na siku kidogo vilichomoza, vyembamba, vimejikunja kama sindano iliyopinda.

Nikiwa na miaka kumi na moja bibi alifiwa na ndugu yake huko Busi, akaenda matangani wiki nzima. Mimi niliachwa kwa jirani. Kijaruba cha mbegu kilikuwa ndiyo kwanza kimetoa maua. Akaniagiza, "Kila jioni kopo moja kwenye ndoo nzima. Ukizidisha unavichoma. Hii ndiyo mbegu yetu, tukiikosa hii tumekwisha."

Siku ya pili nilipokoroga akaibuka panya. Amekufa, amevimba, manyoya yanamtoka. Nilitapika. Kisha nikafanya hesabu ya mtoto mvivu, kwamba nikilimwaga lote leo nitakuwa nimemaliza kazi ya wiki. Nikaliegemea pipa kwa mgongo, nikaliangusha, ule uji mzito na panya wake ukaingia kijaruba cha mbegu chote. Nikakimbia kunawa.

Siku tatu hazikupita majani yakawa meupe nchani, kisha yakalala. Nikafukia ushahidi kwa mchanga na kulijaza pipa upya. Bibi aliporudi hakuingia hata ndani, alikwenda moja kwa moja nyuma, kifurushi kichwani. "Shikamoo bibi," nikamwambia. "Jua. Lilikuwa kali sana." Na hapa Dodoma nani atabisha ukilisingizia jua?

Aliokota mbegu zilizopatikana, nyeusi lakini nyepesi, akazisia kwa uangalifu kuliko siku zote. Wiki ikapita, ya pili ikapita, hakuna kitu. Chache alizobakiza katika hizo akazisia kwa jirani, nako zikagoma. Nilimwona akikaa kizingitini akiitazama mikono yake, mbele na nyuma. Akamwambia jirani, "Mkono wangu umekufa. Uzee huu." Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na mdomo ninao.

Akanunua mbegu za kopo dukani, akanipa mimi nimwage. Zikaota. Alipiga vigelegele, akaita watu waje waone kwamba mkono haukupotea, umehamia kwa mjukuu wake. Nikaanza kuitwa kwenye vitalu vya watu, nikaenda, nikapewa karanga na sifa, nikazipokea zote. Bibi alinifuata kila mahali kwa fahari. Alisimama mbali kidogo, mikono kaificha ndani ya khanga, asije akaigusa mbegu akaiharibu.

Leo pale bustanini pana nyumba ya mtu. Mbegu ile ya mama yake bibi haipo tena popote. Wote walizoea kuomba miche kwake, hakuna aliyeweka mbegu yake. Ladha yake siikumbuki vizuri, maana majani yake nilikuwa nikiyatoa kwa kidole. Bibi aliishi miaka mingine tisa. Wakati wote ule hakusia hata punje moja, na kila alipopita penye kitalu cha mtu aliificha mikono. Nimeona panya aliyeoza na nimeona funza, lakini kitu kinachonitapisha hadi leo ni mtoto yule anayetafuna karanga za watu, akimtazama bibi yake anaficha mikono, na ananyamaza.