Kupimwa kwenye Mizani ya Kahawa

Mwaka wa pili tangu niwekewe betri ya moyo, nilinenepa, na majirani wakanipongeza. Huku kwetu Umatengoni mtu aliyetoka hospitali akijaa mashavu huambiwa amependeza, na mimi napenda kusifiwa, sifichi. Lakini miguu ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nililala nimeegemea mito mitatu. Pumzi ilikatika nikivuka uwanja tu kwenda jikoni. Nikajiambia betri inakwisha, nikanyamaza, maana niliogopa kurudishwa Dar es Salaam kabla sijachuma kahawa yangu. Shamba langu liko juu mlimani, na msimu uliotangulia nilikuwa nimelitazama kutoka barazani tu.

Mume wangu ndiye aliyenisemea kwa sista wa hospitali. Sista akanichunguza, akasema betri ni nzima. Kazi yake ni kuhimiza mapigo, ila moyo wenyewe umechoka kusukuma, ndiyo maana maji yanabaki mwilini. Akanipa vidonge vya kukojoza, akanikataza usipa, wale dagaa wa chumvi ambao wakwe zangu huniletea kutoka ziwani, akaniagiza nijipime uzito kila asubuhi. Zikiongezeka kilo mbili ndani ya siku chache, nirudi mara moja.

Mizani kijijini ilikuwa moja, ya mnunuzi wa kahawa, mmoja wa wale watu binafsi waliokuja soko la kahawa lilipoachiwa huria. Basi kila asubuhi karani wake alinining'iniza ndani ya gunia, miguu ikielea, na wenzangu waliopanga foleni na kahawa zao wakiuliza mimi ni daraja la ngapi. Nilicheka mpaka sindano ya mizani ikakataa kutulia.

Wiki ya kwanza nilipungua, nikajisahau. Jumapili mjukuu wangu alipokea komunyo ya kwanza, nikala usipa, tena nikaongeza. Jumatano sindano ikapanda kilo mbili. Nilikuwa nimepanga kwenda shambani kesho yake, na habari za hospitali sikutaka kuzisikia. Nikamjia juu karani: mizani yake nani asiyejua kwamba ni ya wizi? Foleni nzima ikaniunga mkono.

Mume wangu, aliyekuwa amenisindikiza, alisubiri nimalize.

"Mke wangu," akasema, "mizani hii hupunguza. Tangu ije haijamwongezea mtu hata robo. Ikisema umezidi kilo mbili, ujue umezidi tatu."

Karani akatazama chini. Mimi nikatoka guniani. Tulipanda gari la kwanza kwenda hospitali, nikaongezewa kidonge, na siku tatu zilizofuata niliishi chooni.

Wiki mbili baadaye, karani aliponitangazia kwa sauti ya woga kwamba nimepungua kilo nne, nilimshukuru kama mtu aliyenipa zawadi. Sijui kama kuna mkulima mwingine aliyewahi kufurahi hivyo pale.

Asubuhi hiyo hiyo nilifunga kikapu kiunoni, nikapanda mlima kwa kupita pembeni mwa ngolo, yale mashimo yetu ya kilimo, zilizopandwa maharage. Nilisimama mara mbili tu. Kahawa ilikuwa imeiva, nyekundu hadi kwenye matawi ya chini, nami nikaanza kuchuma huku nikiimba, pumzi ikitosha wimbo na kazi. Nilikuwa na furaha tele.

Mume wangu alifika nyuma yangu, anahema, ameshika magoti. Nikamwambia kesho tutampima yeye.