Gitaa Nalo Lije kwa Zamu

Mume wetu alikuwa na gitaa kavu, la mbao tupu, lisilojua umeme. Alilitoa Dar es Salaam miaka ile ya mwanzo ya uhuru, akaja nalo kijijini kwetu Mlingotini. Nasema wetu kwa sababu tulikuwa wawili: mimi mkubwa, na mwenzangu nyumba ya pili, ua wa makuti katikati. Siku mbili kwangu, siku mbili kwake. Unga, samaki, mafuta ya taa, vyote sawasawa. Ila gitaa lilikaa kwake.

Alasiri za zamu yake nilikuwa nakaa uani nasuka ukili wa mikeka, masikio yakiwa ng'ambo ya ua. Uzi mnene ulikwenda polepole kama mtu anayerudi shamba amechoka, nyuzi nyembamba zikimfuata mbiombio. Hakuna ngoma, hakuna kelele. Ulikuwa wimbo wa mtu anayeaga kwao, na ndani yake mlikuwa na sauti moja ya chini iliyonivuta kuliko zote. Kisha nakumbuka anapigiwa nani, navuta ukili mpaka unakatika.

Nikaenda kwa shangazi yake, maana ndiye aliyekuwa akituamua.

"Shikamoo, shangazi. Mwanao hafanyi haki. Gitaa nalo lije kwa zamu."

"Marahaba. Loo! Limekuwa mke wa tatu?" Akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Lakini alimwita, akamwambia, "Ukitoka kule, toka nalo."

Zamu yangu ikafika, likaja. Nikatandika mkeka mpya, nikavaa kanga ya sandukuni. Akaanza wimbo uleule. Kila akimaliza kipande ananyamaza kidogo, kama anayengoja kitu. Mimi sikukijua. Mara ng'ambo ya ua mwenzangu, akipepeta mchele wake, akaitikia kwa sauti ya chini, ya puani, bila kukusudia. Wimbo ukatimia.

Kumbe ile sauti niliyoipenda kuliko zote, niliyodhani ni ya uzi mmojawapo, ilikuwa yake.

"Mbona umenuna?" mume akauliza. "Si limekuja?"

"Lirudishe. Kwangu halina sauti."

Mwenzangu akasikia. "Nisamehe, bi mkubwa! Nitanyamaza."

"Usithubutu," nikamkaripia. "Ukinyamaza ndiyo utakuwa umeninyang'anya kabisa."

Gitaa likarudi kwake. Mimi nikasogeza mkeka wangu mpaka penye ua, nikasukia ukili hapo kila alasiri. Wivu haukuniisha, nisiseme uongo. Lakini zamu zake sikukosa hata moja.