Hongera za Kila Asubuhi

Tangu apunguzwe kazini, mchora ramani mmoja hupiga pasi shati kwanza ndipo afungue ule mtandao wa kutangaziana kazi na vyeo. Kidole gumba hupanda na kushuka kwenye simu, naye husoma kwa sauti ya chini nani kapandishwa, akiandika "Hongera sana" kwa kila mmoja, hata kwa aliyerithi kiti chake.

"Jitoe, mume wangu. Utakonda kwa furaha za watu," mkewe alimwambia asubuhi moja.

"Nikijitoa, nani atajua kama nipo?"

"Mimi."

Mume akabonyeza kufunga akaunti. Mtandao ukamwuliza sababu. "Nimechoka" haikuwamo, basi akachagua "Nimepata kazi." Mkewe, aliyekuwa akichungulia begani, akajifanya hajaona.