Fundi wa Miembeni na Giaboksi ya Gari la Baba

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Buganguzi kuambiwa kwamba fundi amefariki. Alianguka akiwa anapalilia mibuni yake, wakamkimbiza hospitali, lakini hakufika. Aliyenipigia alikuwa mdogo wake. Alisema ananiarifu kwa sababu anajua tulifahamiana sana zamani, wakati marehemu alipokuwa na gereji pale Miembeni. Nilimpa pole, nikakata simu. Nilijua jambo ambalo mdogo wake hakulijua: kwamba fundi hakuiacha gereji kwa kupenda, na kwamba aliyemwondoa mjini ni mimi, kwa safu hii hii ya gazeti mnayoisoma.

Baadhi yenu mnalikumbuka gari la marehemu baba yangu. Alilinunua kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao, miaka ambayo mimi nilikuwa bado sijaanza shule, na lilikuwa la otomatiki wakati magari yote ya Bukoba yalikuwa ya gia za mkono. Nilipolirithi, giaboksi ilikuwa imekufa. Mafundi watatu waliniambia niliuze chuma chakavu. Wa nne alizunguka gari mara mbili, akalala chini yake kwenye vumbi, akatoka akiwa anatabasamu. "Mwalimu, hii otomatiki tuisahau," alisema. "Nitakufungia giaboksi ya gia za mkono. Itabidi nikate sakafu, niongeze pedali ya klachi, nifupishe propela inayozungusha magurudumu ya nyuma, na kishikizo cha kuibeba nikitengeneze mwenyewe. Ukinipa muda, litatembea." Alitumia karibu miezi miwili. Nilikuwa napita baada ya vipindi vya shuleni kumtazama. Alipima kitu kimoja mara tano kabla ya kukata, na kishikizo cha kwanza alichokichomelea alikitupa kwa sababu kilipishana kidogo tu, upana wa ukucha. Mimi nisingeona tofauti.

Siku ya kunikabidhi aliniambia neno moja, akalirudia. "Hivi ni vitu ambavyo havikuzaliwa pamoja, mwalimu. Bolti zitalegea kidogo mwanzoni. Tembea hapa hapa mjini wiki moja, halafu unirudishie nikaze. Usipande mlima na watu kabla sijakaza." Nikamwambia, "Nitakuja, fundi." Sikwenda. Wiki hiyo ikapita, ikapita nyingine, gari likawa linavuta vizuri na watu wananipungia mkono barabarani, nikaona hakuna haja.

Kisha ikaja siku ya kupeleka posa ya mpwa wangu Muleba. Nilipakia wazee wanne waliovaa makoti na kanzu, nikawa najisifu njia nzima. Kwenye mlima mmoja kabla ya kufika, nilisikia kishindo chini ya miguu, giaboksi ikainama upande mmoja, na gari likagoma. Wazee walifika ukweni wamepakizwa kwenye bodaboda, makoti yamejaa vumbi jekundu, saa mbili baada ya muda tulioahidi. Shemeji yangu, baba wa mpwa huyo, hakunisemesha siku nzima. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya mtu aliyeaibishwa mbele ya watu, nikakaa mezani nikaandika juu ya mafundi wababaishaji. Sikutaja jina. Nilisema tu "fundi mmoja wa Miembeni anayejidai anaweza kuozesha giaboksi kwa injini yoyote." Wasomaji walicheka sana. Nilipata sifa nyingi kwa makala ile kuliko kwa nyingine zote mwaka ule.

Nilipolipeleka gari kwa fundi mwingine Kahororo, alilala chini yake, akaniita nichungulie. "Aliyefanya kazi hii anajua," alisema. "Kishikizo ni kizima. Bolti ndizo zimedondoka. Hukuambiwa urudi kukaza?" Nilisema sikumbuki. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Wiki iliyofuata fundi mwenyewe wa Miembeni alikuja nyumbani, amevaa shati safi kama mtu anayekwenda kanisani. Alisimama mlangoni, akakataa kuingia. "Hukuandika jina langu, mwalimu, lakini umeniandika mimi." Nami, nikijua ninachokijua, nilimjibu, "Kama hukutajwa, mbona umejiona?" Alinitazama, akasema, "Sawa, waitu," kwa lile neno la heshima la Kihaya, akaondoka. Wateja walipungua. Kabla mwaka haujaisha alifunga gereji, akarudi kwao kulima. Nami kila nilipokaa kuandika nilijiambia nitasahihisha wiki ijayo, halafu naona kuna habari kubwa zaidi.

Nilikwenda mazikoni. Tulimzika kibanjani kwake, kwenye shamba lake la migomba, na baada ya ibada mchungaji aliniita, kama mwandishi, niseme maneno mawili. Nilisimama nikiwa nimeamua kusema kweli. Nilipoona zile nyuso, nilisifu mikono yake, nikasifu uvumilivu wake, nikaketi. Watu waliitikia. Hapo ndipo nilipojichukia kabisa. Wakati watu wanatawanyika, mjane alinifuata kunishukuru. Nikashindwa kupokea shukrani ile. Nikamwambia yote: bolti, mlima, makala, na jibu nililompa mumewe mlangoni.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema. "Yeye alituambia tu kwamba mji umemchosha."

"Nisamehe, mama."

"Mimi unaniambia huku pembeni, chini ya migomba. Yale mengine uliwaambia watu wote." Alifunga kanga yake vizuri, akawageukia wageni wengine.

Basi nawaambia watu wote. Fundi yule alifanya kazi yake sawasawa. Aliniagiza nirudi, sikurudi. Gari likaharibika kwa uzembe wangu, nikamtwika yeye, na nilipoujua ukweli niliuficha kwa sababu mlikuwa mmenisifu. Sisi tunaoandika tumezoea kumsahihisha kila mtu, na tunapokosea sisi, tunatafuta wiki yenye nafasi. Nimejifunza kwamba wiki ya kusahihisha ni ile ile unayogundua kosa, wakati uliyemkosea bado anaweza kufungua gazeti. Mimi nimeandika leo, na yeye hatasoma.