Saa Moja ya Ng'ambo

Mama wa meza ya pili alikuwa akiandika miadi ya malori kwa kalamu, kwenye kalenda ya ukutani, tangu ofisi yetu ya wakala wa forodha ilipofunguliwa Tunduma. Mimi nikaja na laptopu na maringo yangu. Niliandika programu ndogo: yeye anajaza saa ya ukaguzi kwenye jedwali, programu inalisoma, inarekebisha miadi kwenye kalenda ya mtandaoni, na dereva anapata ujumbe kwenye simu. Kalenda ya ukutani niliibandua mwenyewe.

Wiki ile ile malori yakaanza kuchelewa ukaguzi. Saa nzima, kila mara. Bosi akaja amefura, akasimama kati ya meza zetu.

"Nani anaharibu?"

Sikujipa hata muda wa kufikiri. "Programu inafuata kilichojazwa, bosi. Labda mama anakosea kujaza."

Mama hakubisha. "Labda kweli ni mimi," alisema. "Macho yangu si kama zamani." Bosi akampa hadi mwisho wa mwezi: malori yakiendelea kuchelewa, arudi kwao Nanyala akalime kahawa. Alikuwa mjane, na binti yake alikuwa bado sekondari kwa mshahara ule.

Mama alipotoka, nilifungua jedwali lake nikitafuta ushahidi. Aliandika saa mbili asubuhi, sawasawa na karatasi ya forodha. Kwenye kalenda ilisomeka saa tatu. Nikairekebisha kwa mkono. Nilipoendesha programu, ikarudi saa tatu. Wala haikulalamikia kosa lolote. Nilipekua mstari kwa mstari, mwisho nikaiagiza inionyeshe jedwali linafuata saa za wapi.

Ikajibu: Lusaka.

Jedwali nililitengeneza nikiwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwenye ofisi ya wenzetu, laptopu nimeiweka saa za huko, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa moja. Mtoto wa Tunduma hulijua hilo kabla hajaanza shule. Ukipanga jambo na mtu wa Nakonde, lazima umuulize: saa yenu au yetu? Mimi, niliyekulia hatua chache kutoka geti la mpaka, nilisahau kuiuliza mashine yangu mwenyewe.

Nilibadilisha neno moja tu, Lusaka ikawa Dar es Salaam. Nikajiambia kesho nitasema.

Kesho yake malori yote yaliwahi. Kesho kutwa pia. Bosi akampongeza mama mbele ya ofisi nzima kwa kujirekebisha, nami nikatikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika. Hadi leo nikikumbuka kichwa kile kinavyotikisika, naona aibu hata nikiwa peke yangu chumbani.

Ijumaa, wengine walipokwenda kula, alikuja mezani kwangu na daftari jipya la shule, amelipiga mistari kwa rula.

"Mwanangu, naomba unielekeze tena tangu mwanzo, niandike. Nisije nikakuharibia tena kazi yako."

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu, na kinywa kilikuwa changu. Badala yake nilimvutia kiti. Nikamfundisha kujaza saa, kitu ambacho hakuwahi kukikosea hata mara moja, na kila tulipomaliza hatua aliandika, akanyanyua uso, akasema, "Asante, baba."