Mwili Ulionyamaza

Wateja walimwita Bi Pasi, na hakuna aliyejali kama ana jina lingine. Alikuwa dobi tangu ujana, yeye na pacha wake wa kiume, katika chumba cha mbele cha nyumba ya huyo kaka. Kaka alifua na kuanika, yeye alinyoosha, mke wa kaka alipokea nguo na masimango ya wateja. Meza yao ilikuwa mlango wa zamani uliovishwa blanketi lenye madoa ya kuungua. Pasi ya mkaa haina kipimo, kwa hiyo Bi Pasi aliisogezea mgongo wa mkono bila kuigusa, akajua hii itafaa hariri, hii ingoje suruali za jinzi. Hakuwahi kuunguza nguo ya mtu, na alilisema hilo mara nyingi kuliko watu walivyotaka kulisikia.

Mkono huohuo ulipima homa za nyumba nzima. Mtoto akilialia, waliambiana, "Mpelekeni kwa shangazi amshike."

Msimu wa baridi mapacha wote wawili walishikwa na kikohozi, wazee wa umri mmoja, makohozi ya rangi moja. Bi Pasi aliwaka moto. Alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, akaomba maji, akamtukana aliyechelewa kuyaleta. Kaka yake alikaa kitini, kimya. Chakula hakukitaka. Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Baba watoto, hilo shati limekukosea nini?" mkewe akamtania.

"Mwenyewe yuko mlangoni, ananingoja."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Wakacheka.

Jirani alipoleta gari la kumpeleka Bi Pasi hospitali, mke wa kaka alisita. "Wifi, na huyu tumchukue? Leo simwelewi."

Bi Pasi, meno yakigongana, alinyoosha mkono akamgusa pacha wake kwenye paji la uso. "Amepoa kama maji ya mtungi. Huyu kila nikiumwa mimi, naye anadeka. Mwache alinde nguo za watu."

Wakamwacha. Asubuhi iliyofuata hakuamshika. Alipofikishwa hospitali, dawa ileile iliyomwokoa dada yake iliingia kwenye mshipa wake ikakuta vita vimekwisha.

"Homa ya mapafu, mama. Nyote wawili," daktari alimwambia.

"Kaka hakuwa na homa."

"Ndivyo inavyotudanganya kwa wazee. Bakteria ni walewale. Lakini uzee unachosha ulinzi wa mwili, na kwa wanaume mara nyingi mapafu yanalemewa haraka zaidi. Si wote, ila tunaona hivyo. Mzee anaweza kuzidiwa joto lisipande. Utamwona anachanganyikiwa tu, hali chakula, hasemi sana."

"Na mimi nilivyowaka vile?"

"Mwili wako ulikuwa unapigana."

Bi Pasi alitamani angeambiwa ni siku za kaka tu zilizofika.

Nyumbani waliokuja kutoa pole walimsifu. Bi Pasi ni chuma, walisema, wanawake hawafi ovyo. Wifi yake alikuwa anagawa chai, akasikia yote. Walipoondoka, Bi Pasi alimsimulia maneno ya daktari bila kuacha kitu, ingawa angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua.

"Kwa hiyo mwili wako ulipiga kelele," wifi akasema taratibu, "wa mume wangu ukanyamaza. Na mimi nikaenda kumuuliza mtu anayeweweseka kwa homa."

"Mkono ulikuwa wangu, wifi."

"Najua ulikuwa wa nani."

Bi Pasi alingoja matusi. Aliyahitaji, angetukanwa, angejua pa kuanzia kulia. Wifi alimsogezea kikombe.

"Kunywa upate nguvu. Nguo za watu zimelundikana, na sasa kufua pia ni kwako."